Kazi ya Muleba isihukumiwe ng'ambo

Njia za kutafuta kazi zimebadilika. Kijana aliyemaliza masomo yake Bukoba au Muleba halazimiki tena kupanda meli kwenda Mwanza, au basi kwenda Dar es Salaam, akiwa na bahasha ya vyeti kwapani. Kwa simu yake anaweza kujiandikisha katika jukwaa la ajira la mtandaoni, akapewa kazi ya kutafsiri, ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ya kupanga picha zinazotumika kufundishia mashine, au ya kutunza hesabu za duka lililo katika nchi nyingine, naye akaifanya kazi hiyo akiwa nyumbani kwao Kamachumu. Hilo ni jambo la heri, wala hapana sababu ya kulibeza. Mkoa wa Kagera una vijana wengi waliosoma kuliko nafasi za kazi zilizopo maofisini, na walimu waliowafundisha wanalifahamu hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Lakini kabla ya kupewa kazi ya kwanza, kijana huyo hutakiwa kubonyeza neno moja tu: nakubali. Neno hilo hubeba kurasa nyingi za masharti, mara nyingi kwa Kiingereza cha mawakili, na karibu na mwisho wa kurasa hizo huwapo vifungu viwili ambavyo watu wengi hawavisomi. Cha kwanza hutaja sheria ya nchi gani itakayotawala mkataba. Cha pili hutaja mahali ambapo mgogoro utasikilizwa, na mtu au chombo kitakachousikiliza. Vifungu hivyo huonekana kuwa mambo ya wanasheria. Kwa hakika ndivyo vinavyoamua kama ahadi nyingine zote zilizomo katika mkataba ule zina thamani au hazina.

Uchukuliwe mfano mwepesi. Kijana wa Muleba amefanya kazi mwezi mzima, na malipo yake ni shilingi 300,000. Mteja aliye ng'ambo anaikataa kazi bila kutoa sababu, na jukwaa linaifunga akaunti ya kijana pamoja na fedha zilizokuwamo. Mkataba unasema malipo ni haki yake. Mkataba huo huo unasema kwamba kama ana malalamiko ayapeleke kwanza katika ofisi ya jukwaa lenyewe, na asiporidhika ayapeleke mbele ya mahakama au mwamuzi binafsi katika mji wa ng'ambo, chini ya sheria ya huko. Hatua ya kwanza ni ile ya kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Hatua ya pili inahitaji nauli, viza na wakili, na kila kimoja kati ya hivyo kina gharama kubwa kuliko deni lenyewe. Hivyo haki ipo katika karatasi, lakini mlango wa kuiendea umefungwa na ufunguo uko ng'ambo ya bahari.

Hayo si mambo ya kubuni. Masharti ambayo kampuni ya Upwork ya Marekani imeyatumia kwa watu wanaopata kazi kupitia kwake yalitamka kwamba mkataba unatawaliwa na sheria za jimbo la California. Yakaongeza kwamba madai ya mfanyakazi aliyeko ndani ya Marekani yatatawaliwa na sheria za jimbo analoishi. Msomaji na alitafakari jambo hilo. Mfanyakazi wa Texas alihifadhiwa na sheria ya kwao, na wa New York vivyo hivyo. Yule wa Bukoba alipewa sheria ya California, mahali ambapo pengine hatafika maishani mwake. Kumbe kumpa mtu sheria ya nyumbani kwake si jambo lisilowezekana. Linawezekana kwa wale ambao sheria zao zinaogopwa.

Wapo watakaosema kwamba kifungu cha namna hiyo hakiwezi kuwa na nguvu mbele ya mahakama za Tanzania. Haifai kutegemea matumaini hayo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua mkataba uliofanywa kwa mtandao, na kubonyeza kitufe kunaweza kumfunga mtu kama sahihi ya wino. Katika shauri la Sunshine Furniture dhidi ya Maersk (China), ambalo ni Rufaa ya Madai Namba 98 ya mwaka 2016, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliheshimu kifungu cha hati ya shehena kilichopeleka migogoro katika Mahakama Kuu ya Uingereza mjini London. Aidha, Tanzania ilijiunga mwaka 1964 na Mkataba wa New York unaohusu kutambua tuzo za waamuzi wa nchi za nje, na mwaka 2020 Bunge likatunga Sheria mpya ya Usuluhishi. Yote hayo yana mantiki yake katika biashara. Wafanyabiashara wawili wenye mawakili wakikubaliana kwenda London, wamejua wanachokifanya, na bei ya mzigo imezingatia jambo hilo. Kijana wa Muleba hakukubaliana na mtu. Alipewa masharti yaliyokwisha kuandikwa, akaambiwa achukue au aache.

Ili kulipima jambo hili, yafaa kukumbuka ni kitu gani anachokipoteza anapohamishwa kutoka katika sheria ya nchi yake. Mwaka 2004 Bunge lilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7, kwa ajili ya Tanzania Bara. Sheria hiyo ya pili iliunda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoanza kazi mwaka 2007, na ambayo ina ofisi yake Bukoba. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake katika Tume. Migogoro mingine ina siku 60. Huanza kwa kujaza fomu. Msuluhishi ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha wahusika, na wasipopatana shauri huenda kwa mwamuzi. Asiyeridhika na uamuzi huo huenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Kanuni za Tume za mwaka 2007 zinaelekeza kwamba mgogoro usikilizwe katika ofisi inayohusika na eneo ambamo chanzo cha mgogoro kimetokea. Maana yake ni kwamba mtu wa Muleba aliyefanya kazi Muleba huenda Bukoba, safari isiyofika kilomita 100, wala hatakiwi kumfuata mwajiri katika makao yake makuu.

Wamiliki wa majukwaa hujibu kwamba watu hao si waajiriwa. Eti ni mafundi huru, na jukwaa ni dalali tu anayewakutanisha na wateja. Huenda hoja hiyo ni sahihi kwa baadhi yao. Lakini kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi hakimwachii mwajiri peke yake kazi ya kumpa mtu jina. Kinasema mtu anayemfanyia mwenzake kazi atadhaniwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa lipo: kwa mfano, kwamba namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, kwamba anamtegemea huyo kiuchumi, au kwamba amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kijana ambaye jukwaa humpangia kazi, humpima kwa alama, humkata malipo na kumfungia mlango linapotaka, ana haki ya kuuliza mbele ya Tume kama yeye ni fundi huru kweli. Kifungu cha sheria ya kigeni hulizima swali hilo kabla halijaulizwa. Hapo ndipo penye ubaya wake.

Swali la sheria gani inatawala si geni katika Wilaya ya Muleba. Mwaka 1988 mwanamke mmoja aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia, kwa bei ya shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake alishtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa mila za Kihaya zilizoandikwa katika Tangazo la Serikali la mwaka 1963 mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaitengua hukumu hiyo kwa kutegemea Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Shauri likafika Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwezi Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba kanuni ile ilikuwa ya ubaguzi na kwamba mwanamke ana haki ile ile aliyo nayo mwanamume.

Hukumu hiyo hutajwa sana kwa ajili ya haki za wanawake, na ndivyo inavyostahili. Lakini kuna somo la pili ndani yake. Shauri lote lilikuwa juu ya sheria ipi itawale: mila iliyoandikwa au Katiba. Mwanamke yule alishindwa Kashasha, akashinda Muleba, akashinda tena Mwanza. Kila hatua ilikuwa mahali alipoweza kufika, na mbele ya mahakimu walioijua ardhi ile na mila zile. Lau mkataba wa kuuziana shamba ungesema kwamba ubishi wowote utasikilizwa katika mji wa ng'ambo, Katiba isingemfaa kitu. Ingebaki kuwa maneno mazuri ndani ya kitabu, kwa kuwa hapangekuwapo mtu wa kuyasoma kwa niaba yake.

Wazee wa Kagera wanajua pia hali nyingine inayofanana na hii. Chini ya nyarubanja, mtwarwa alilima na kuishi juu ya ardhi iliyohesabiwa kuwa ya mtwazi, akatoa sehemu ya mazao na utumishi. Watwazi wengi walikuwa wa jamaa za Wakama, na katika enzi ya ukoloni mabaraza ya wenyeji yaliongozwa na watawala hao hao. Mtu aliyedhulumiwa alilazimika kupeleka shauri lake kwenye nyumba ambayo ilinufaika na dhuluma yenyewe. Sheria za mwaka 1965 na 1968 ziliukomesha mfumo huo na kumpa mlimaji haki katika ardhi aliyoilima. Jukwaa la mtandaoni si nyarubanja, na kijana anaweza kuliacha siku anayotaka. Hata hivyo, pale ambapo mwenye uwanja ndiye anayekata sehemu ya malipo, ndiye anayeandika kanuni, na ndiye anayechagua baraza la kuzitafsiri kanuni hizo, mtu mwenye kumbukumbu atatambua sura aliyowahi kuiona.

Nchi nyingine zimekwisha kulikabili jambo hili. Nchini Canada, dereva wa Toronto aliyekuwa akisambaza chakula kupitia Uber aliambiwa kwamba kwa mujibu wa mkataba wake mgogoro ungesikilizwa kwa utaratibu wa mwamuzi binafsi nchini Uholanzi. Ada ya kuanzisha shauri hilo ilikuwa kama dola 14,500 za Marekani, kiasi ambacho kilikaribia kumaliza mapato yake ya mwaka mzima. Tarehe 26 Juni 2020, katika shauri la Uber dhidi ya Heller, Mahakama Kuu Kabisa ya Canada ilikitangaza kifungu hicho kuwa batili, kwa sababu upande mmoja ulikuwa dhaifu kupita kiasi na makubaliano yenyewe yalikuwa ya kumkandamiza. Mahakama haikuamua siku hiyo kama dereva yule alikuwa mwajiriwa. Iliamua tu kwamba swali hilo litaulizwa Canada.

Jirani wa karibu zaidi ni Kenya. Mwezi Mei 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja maandishi na picha za Facebook akiwa Nairobi chini ya kampuni ya Sama, aliishtaki Sama pamoja na Meta katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Meta ilijitetea kwamba haina makazi Kenya wala haifanyi biashara humo, na kwa hiyo mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Mwezi Februari 2023 Jaji Jakob Gakeri alikataa kuiondoa Meta katika shauri, na mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikakataa rufaa ya kampuni hiyo. Kwa maneno mengine, kazi iliyofanyika Nairobi ilistahili kusikilizwa Nairobi, hata kama anayefaidika nayo anaishi California.

Ulaya imekwenda mbali zaidi, kwa kutosubiri mahakama ziamue shauri moja moja. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinasema mwajiriwa anaweza kushtaki mahali anapofanyia kazi yake kwa kawaida, na kwamba makubaliano ya kumpeleka kwingine hayana nguvu dhidi yake isipokuwa yamefanywa baada ya mgogoro kutokea. Nazo zinasema kuchagua sheria ya nchi nyingine hakuwezi kumnyima ulinzi wa sheria ya mahali anapofanyia kazi. Makampuni yaliyopo huko yanaendelea na biashara chini ya kanuni hizo. Basi ile hoja kwamba jukwaa litafunga milango likilazimishwa kuheshimu sheria ya mahali pa kazi, haina uzito mkubwa kama inavyosikika.

Kwa Tanzania, mfano wa kufuata uko nyumbani. Mwaka 2017 Bunge lilitunga Sheria ya Mamlaka ya Nchi kuhusiana na Utajiri na Maliasilia, Namba 5. Kifungu cha 11 cha sheria hiyo kinasema kwamba mamlaka ya nchi juu ya utajiri na maliasilia zake hayatakuwa suala la kusikilizwa na mahakama au baraza la nchi ya nje, na kwamba migogoro inayohusu uchimbaji na matumizi ya mali hizo itaamuliwa na vyombo vilivyoundwa Tanzania. Sababu ilikuwa wazi. Taifa lilichoka kuona mashauri ya dhahabu yake yakiamuliwa na watu wasiokaa nalo.

Ikiwa kanuni hiyo inafaa kwa dhahabu iliyo chini ya ardhi, kwa nini isifae kwa nguvu na akili ya kijana anayetembea juu ya ardhi hiyo? Dhahabu haiumwi njaa ikicheleweshewa malipo. Mfanyakazi huumwa. Nchi iliyothubutu kuyaambia makampuni makubwa ya madini kwamba shauri litasikilizwa hapa, haiwezi kushindwa kuyaambia hivyo makampuni yanayoajiri kwa simu. Wala hapatakiwi ukali wa kiwango kile cha 2017. Inatosha sheria za kazi ziongezewe kifungu kimoja: kwamba kwa kazi inayofanywa na mtu aliyeko Tanzania, makubaliano yoyote ya kumpeleka mbele ya sheria au baraza la nje hayatamfunga yeye, isipokuwa ameyakubali baada ya mgogoro kuzuka. Mwenye kutaka kwenda California na aende kwa hiari yake.

Kifungu hicho peke yake hakitatosha. Tuzo ya Tume ya Bukoba dhidi ya kampuni isiyo na ofisi wala mali nchini ni karatasi tu. Kwa sababu hiyo jukwaa linalowaandikisha wafanyakazi walioko Tanzania litakiwe kuwa na mwakilishi nchini anayeweza kupokea hati ya wito na kulipa. Msingi upo tayari, kwani Sheria ya Huduma za Kukuza Ajira ya mwaka 1999 inawataka mawakala binafsi wa ajira wasajiliwe. Kinachohitajika ni kutamka kwamba wakala wa mtandaoni naye ni wakala. Aidha, masharti yaandikwe pia kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama. Ni kichekesho kwamba mtu anaweza kuisoma hukumu kwa Kiswahili lakini hawezi kuusoma mkataba uliompeleka mahakamani. Nalo Shirika la Kazi Duniani, katika Mkutano wake wa Juni 2025, liliamua kuandaa mkataba wa kimataifa na pendekezo juu ya kazi za majukwaa, na kupanga mjadala wa pili kwa mwaka 2026. Nchi yenye msimamo wake ulioandikwa husikilizwa zaidi katika mikutano ya namna hiyo.

Majukwaa ya hapa nchini nayo yasidhani kwamba maneno haya hayayahusu. Kampuni ya Dar es Salaam inayoandika kwamba kila mgogoro utasikilizwa Dar es Salaam tu, imemfanyia mtu wa Muleba jambo lile lile kwa kiasi kidogo. Kwa mtu asiye na nauli, Dar es Salaam nayo ni ng'ambo.

Wakati sheria ikisubiriwa, watumishi wa umma na walimu wana kazi ya kufanya. Mwalimu ndiye ambaye kijana aliyemfundisha humwendea amsaidie kujaza fomu. Na amwonyeshe vifungu viwili vya mwisho kabla hajabonyeza. Amwambie atunze nakala ya mkataba, ya maagizo ya kazi na ya malipo, maana Tume huamua kwa ushahidi, na akaunti ikifungwa ushahidi huondoka nayo. Amweleze juu ya siku 30 na siku 60, kwa kuwa haki nyingi hupotea kwa kuchelewa kuliko kwa kukosa hoja. Ofisa wa halmashauri anayekaribisha kampuni ije kuwaandikisha vijana ukumbini na aombe masharti yake mapema, ayasome, na aulize swali moja: kijana wetu akidhulumiwa, atakwenda wapi? Kampuni ikijibu kwamba atakwenda Bukoba, na ipewe ukumbi na viti. Ikijibu vinginevyo, ipewe muda wa kurekebisha karatasi zake kwanza.